Mashine ya kituo cha afya imemwandika mwanangu marehemu, na kila nikimfuta bado yupo kwenye karatasi

Wakuu, ile kibodi niliitupa mimi. Asitafutwe mwingine.

Niliichomoa nyuma ya kompyuta, nikatoka nayo hadi mlangoni waya ukiburuzika, nikaivurumisha uani. Ikatua karibu na pipa la maji. Vitufe vikatawanyika kwenye vumbi kama punje za mahindi, na kuku wa mlinzi wakaja mbio wakidhani wamemwagiwa chakula.

Nyuma yangu Injinia alikuwa bado anacheka.

Sikuitupa kwa sababu mashine ilimwandika mwanangu kuwa amekufa. Hilo nilikuwa nimelivumilia kwa muda. Niliitupa kwa sababu mtu aliyeyasababisha yote alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, ameshika tumbo, anacheka mpaka machozi.

Sasa habari zenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, napita jukwaa la kompyuta na lile la wazazi, leo ndiyo nafungua mdomo. Nitakayoyasema yamenipata mimi mwenyewe hapa hapa Dodoma, sikuhadithiwa na mtu. Kituo sikitaji. Jina la mwanangu nalitaja, kwa sababu ndilo ninaloligombania.

Anaitwa Upendo. Yuko mapajani kwangu hapa internet café, anavuta waya wa kipanya. Nikikosea herufi mjue ni yeye.

Twende taratibu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya kompyuta, nikapata kazi ya kuingiza taarifa kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi upande wa Kizota. Mwenye kituo, sisi tunamwita Dokta, aliacha kazi serikalini baada ya watu binafsi kuruhusiwa kufungua vituo, akafungua chake. Katika mkataba wetu, mtoto wa mfanyakazi anatibiwa pale pale bure. Kwa mama mwenye mtoto mchanga hiyo ni sababu tosha ya kuvumilia mambo mengi.

Ofisini tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Mama Salma, mtu wa Kondoa, mtu mzima, shikamoo yake huwezi kuiruka. Alipiga chapa miaka mingi kwenye shirika la umma mpaka lilipouzwa na wao wakapunguzwa. Vidole vyake vinapita kwenye kibodi kama mvua kwenye bati.

Dokta akanunua kompyuta iliyokwishatumika. Kuukuu kweli, skrini nyeusi maandishi ya kijani. Ile betri ndogo ya ndani inayoitunzia saa ilikuwa imekufa kitambo. Ukiichomoa ukutani inasahau kila kitu kuhusu muda. Na Dokta alitoa amri: jioni kila kitu kichomolewe, maana umeme wa kule Kizota ukirudi baada ya kukatika unarudi na hasira, ulishatuunguzia friji ya chanjo.

Kwa hiyo kila asubuhi mashine inaamka haijui ni siku gani. Inakuuliza tarehe. Halafu inakuuliza saa.

Injinia alikuja kutoka Dar kutuwekea programu ya wagonjwa. Kijana, mchangamfu, anajua kazi, hilo simnyimi. Alikuja na flopi kwenye mfuko wa shati.

"Mama Upendo, unakiona hiki?" akaniambia. "Wenzetu wanatumia madude makubwa yanajaza diski nzima. Mimi kidude changu cha kujengea programu kinakaa kwenye flopi moja na nafasi inabaki. Akili yake moja tu. Kinaangalia saa."

Wajuvi mnisamehe, nawaeleza wenzangu wasiojua. Programu inaandikwa na mtu kwa maandishi yanayosomeka, vipande vipande, kila kipande faili lake. Halafu maandishi yale yanapikwa yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Kidude kile ndicho mpishi. Lakini ni mpishi mvivu, hapiki ovyo. Anachungulia kwanza: unga umeletwa saa ngapi, na ugali umeiva saa ngapi? Unga ukiwa wa baadaye, anasonga ugali mpya. Ukiwa wa kabla, anasema chakula kipo, kaeni mle.

Hilo tu. Haonji, hasomi kilichoandikwa ndani. Anaangalia saa ya kwenye faili basi.

Siku ile Injinia alipokuwa anajaribu programu yake nilikuwa nimembeba Upendo mgongoni. Akahitaji jina la mtoto la kujaribia.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikamtajia. Akaliandika. Sikuwaza.

Jioni wote tumechoka, akachapa karatasi ya kwanza. Ile printa ya kelele ikalia kama bati linalokatwa, karatasi ikatoka. Mstari wa juu kabisa: UPENDO J. Mbele yake: AMEFARIKI. FAILI LIMEFUNGWA.

Nikamwambia wewe, hii nini?

"Ah, ni majaribio, mama. Lazima nijue kama faili la marehemu linafungwa. Nitamfuta."

"Mfute sasa hivi."

"Nitamfuta kesho, nimeshajenga. Au nikuonyeshe ufute mwenyewe? Fungua faili la majaribio, toa jina, hifadhi, andika jenga. Mtoto wa shule anaweza."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye basi la Dar.

Alichomwachia Mama Salma ni maelekezo ya kuwasha. Nilikuwepo, niliyasikia. "Mama, ikikuuliza tarehe bonyeza Enter tu, haina kazi kwenye karatasi, nyie mna mhuri. Ikikuuliza saa, ijaze, maana saa inatoka kwenye karatasi." Na kweli karatasi zetu zote zinagongwa mhuri wa tarehe. Mama Salma akaitikia. Akafanya vile vile alivyoambiwa, kila siku ya Mungu.

Wiki iliyofuata ndipo mambo yakaanza.

Dokta alitaka orodha ya wagonjwa ichapwe kila mchana, ibandikwe ubaoni nje pale wanapokaa watu, kusudi wajue faili za nani ziko tayari. Nikachapa ya kwanza. Mstari wa juu, UPENDO J., AMEFARIKI.

Nikafungua faili la majaribio. Nikatoa jina. Nikahifadhi. Nikaandika jenga, kama nilivyofundishwa.

Mashine ikajibu mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba programu iko up to date. Maana yake hakuna jipya la kufanya.

Nikachapa. Yupo.

Nikarudi kwenye faili. Hayupo. Nilisoma mstari kwa mstari kwa kidole, jina halimo. Nikatoka, nikajenga tena. Up to date. Nikachapa. Yupo, wa kwanza, kama aliyetangulia wengine kwenye foleni.

Wakuu, sijui kama mmewahi kupatwa na hili. Umekifuta kitu kwa mkono wako, umekikagua, hakipo. Halafu kinatoka kwenye printa.

Siku ya pili nilijaribu kuandika jina la uongo mahali pake, nikaweka Mtu Fulani. Printa ikachapa Upendo. Siku nyingine nikabadili neno, nikaandika YUKO HAI kwa herufi kubwa. Printa ikachapa AMEFARIKI. Ilikuwa kama nazungumza na mtu aliyekukazia macho na hakusikii.

Nikaanza kuchapa mchana upepo ukivuma. Mnaoijua Dodoma mnajua ule upepo wa kiangazi, unainua vumbi jekundu linasimama kama mtu halafu linatembea. Linapita mlangoni, linaingia, linakaa kwenye karatasi. Nikawa nafuta vumbi juu ya jina la mwanangu kwa kiganja kabla sijaenda kubandika.

Mtauliza kwa nini nilibandika. Niliikata juu kwa mkasi siku ya kwanza, Dokta akaniita. "Karatasi ya ofisi haikatwi. Wageni wangu wanakuja kuona mfumo, unawaonyesha karatasi iliyoliwa na panya?"

Nikamweleza.

Akasema, "Mashine haikosei. Anayekosea ni anayeitumia."

Mchana mmoja nikaamua kuangalia faili zenyewe zimeandikwa lini. Ukiomba orodha, mashine inakuonyesha jina la faili, tarehe na saa. Nikaiangalia ile safu ya tarehe kutoka juu mpaka chini.

Zote zilikuwa tarehe moja Januari, mwaka themanini.

Zote. Nililolihariri jana, nililolihariri leo asubuhi, alilolijenga Injinia. Kwa mashine ile siku zote tulizofanya kazi mle ndani zilikuwa siku moja, na siku yenyewe mimi mama yake nilikuwa bado sijazaliwa. Nikajiuliza itamjuaje mtoto wangu kuwa yuko hai kama hata mimi kwake sijawa mtu.

Nilimuita Mama Salma aje aone. Akaangalia, akavaa miwani, akaangalia tena. Akasogea nyuma.

"Mwanangu, hii mashine walikuwa nayo kina nani kabla yetu?"

Tangu siku ile kabla ya kuiwasha alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, halafu anabonyeza Enter kwenye tarehe, anaangalia saa yake ya mkononi, anajaza saa. Nikawa nashukuru kwamba kuna mtu anaiombea.

Watu wakaanza kubadilika. Nesi wa dirisha la dawa, ambaye alikuwa anamnyang'anya Upendo mgongoni kwangu na kumpa ukwaju, akawa anamchekea kwa mbali. Mfagizi akawa anafagia chumba chetu haraka haraka na kutoka. Siku moja nilimkuta mama mmoja nje ubaoni ananiangalia, anamwangalia mtoto, anaangalia karatasi. Akavuta mwanawe karibu.

Halafu ikatoka nje ya kituo.

Jumamosi nipo nyumbani, mtaa wa Kikuyu, namlisha Upendo uji. Nikasikia watu uani. Kutoka, nakuta wanawake wa mtaa wamejifunga kanga, wawili wameshatandika mkeka chini ya dirisha langu. Mmoja ana kikapu cha unga. Wananigeukia kwa pamoja kama watu waliokubaliana.

Mkubwa wao akanyanyuka, akanishika mikono. "Pole mama. Kazi ya Mungu."

"Pole ya nini?"

"Tumeona kwenye ubao wa kule kazini kwako. Tukasema mbona Mama Upendo hajasema na sisi ni majirani?"

Upendo akanifuata kwa magoti mpaka mlangoni, uji umemjaa kidevuni. Akawaona watu wengi, akacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Yule mwenye kikapu aliinuka akarudi nyuma mpaka ukutani. Wakuu, wale ni majirani zangu, walimbeba mtoto huyu akiwa na siku chache tangu azaliwe. Wakamwangalia kama mtu aliyerudi kutoka kule ambako hatakiwi kurudi. Nikamnyanyua, nikawaambia mguseni basi. Mguseni! Mmoja tu ndiye aliyenyoosha kidole akamgusa mguu.

Jioni ile ile akafika mama mkwe kutoka Hombolo. Habari zilimfikia mnadani. Nilimsikia kabla sijamwona, analia kwa Kigogo tangu barabarani, kitambaa kimemwanguka kichwani. Alipomwona mjukuu wake hai alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Baadaye, ametulia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumbadilishe jina. Kinachomwita kinamwita kwa jina hilo. Tukimpa lingine kitakuja kitamkosa."

"Mama, shikamoo yako naiheshimu. Lakini jina la mtoto wangu silibadilishi kwa ajili ya printa."

"Siyo printa ninayoiogopa," akasema.

Nikampakata Upendo. Maana usiniulize kama na mimi sikuwa naogopa.

Jumatatu Dokta, aliposikia habari za mkeka, unajua aliniambia nini? Aliniambia, "Basi msajili kwa jina jingine, yaishe." Daktari! Mtu mwenye cheti ukutani!

Sasa nakuja kwenye lililoniumiza, na hili ndilo nililotaka mvumilie hadi hapa kulisikia.

Upendo akapata homa. Mchana, kazini, mgongoni kwangu. Nikahisi joto linapenya kanga. Nikamshusha, macho yamelegea, kichwa hakikai. Malaria, mama anaijua hata kabla ya kipimo. Kipimo chenyewe kilisema hivyo hivyo.

Nikaenda dirisha la dawa na karatasi ya daktari wa zamu.

Nesi akaiangalia. Akaniangalia. "Dada, nitoe vipi? Kwenye mfumo faili limefungwa."

"Mtoto huyu hapa."

"Namwona. Lakini Dokta amesema dawa isitoke bila namba ya faili lililo wazi, na faili la marehemu halitoi namba. Nikitoa nitailipa mimi na kazi sina."

"Mguse. Mguse uone anavyochemka."

Hakumgusa. Aliweka mikono yake nyuma. Na machozi yalikuwa yanamtoka, simsemi kwa ubaya. Alikuwa anaogopa vitu viwili, Dokta na mwanangu, na sijui kipi zaidi.

Dokta alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Nikasimama pale dirishani, mtoto anaungua mikononi, juu ya kichwa changu ubaoni karatasi ya siku ile inapigwa na upepo, ile sauti ya karatasi, pa pa pa, na jina lake juu. Ikanijia akilini kwamba labda mashine haikukosea. Labda iliwahi tu.

Hilo wazo sitalisamehe. Simsamehe aliyelifanya liniingie.

Mama Salma ndiye aliyenitoa pale. Alinishika mkono akasema, "Unasubiri nini? Twende!" Akasimamisha gari ya kubeba mchanga barabarani, akamkemea dereva mpaka akatupakia, tukaenda hospitali kubwa. Kule hakuna aliyeuliza mashine. Walimwangalia mtoto, wakamtundikia dripu. Alilazwa. Alipona. Mungu ashukuriwe na wale manesi washukuriwe.

Lakini mtoto asiyepaswa hata kulazwa alilazwa kwa sababu muda wa dawa ulipotelea dirishani.

Nilipotoka wodini ndipo nilipompigia Injinia mwenyewe, nikamwambia usipokuja nitakufuata Dar na mtoto huyu nimkalishe mezani kwako. Akaja.

Akakaa kwenye kiti. Akaomba orodha ya faili. Akaangalia ile safu ya tarehe, haikumshtua. Akaangalia safu ya saa. Programu aliyoijenga yeye siku ile ilikuwa imeandikwa 17:10. Ni kweli, ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Faili la majaribio nililolifuta mimi lilikuwa limeandikwa 8:20.

"Ulihariri asubuhi?"

"Mchana. Saa nane na dakika ishirini."

Akageuka taratibu kwa Mama Salma. "Mama, hebu zima uwashe. Nataka nione unavyofanya."

Mama Salma akawasha. Dua. Enter kwenye tarehe. Akaangalia saa yake ya mkononi, ambayo ameiweka kwa Kiswahili, saa saba inasoma saba. Ilikuwa saa saba na robo mchana. Akaandika 7:15.

Injinia akapasuka kicheko.

"Ameipa saa ya Kiswahili! Jamani! Mashine inadhani ni asubuhi!"

Hapo ndipo nilipoelewa, na mtaelewa na nyie. Tarehe ilikuwa moja daima, kwa sababu tuliambiwa tubonyeze Enter, na mashine iliyosahau siku inaanzia mwaka themanini. Basi kidude kile kilichobaki nacho cha kupimia ni saa tu. Na kwa saa ya Kiswahili siku yetu ya kazi inaanza mbili na kuisha kumi. Hatukufika 17:10 hata siku moja, na tusingefika milele. Kila nilichokifuta kilionekana kimefutwa kabla programu haijajengwa. Unga wa zamani, ugali mpya. Chakula kipo, kaeni mle.

Hata karatasi ilikuwa inatoka imeandikwa Saa 8:40 na sisi tunaisoma saa nane na dakika arobaini, tunaona sawa kabisa.

Mama Salma akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia, "uliniambia nijaze saa. Adhana ya adhuhuri imetoka, ulitaka niandike saa ngapi?"

Injinia akazidi kucheka. "Mama, hii nitawasimulia Dar watu wafe!"

Watu wafe.

Mengine mnayajua, kibodi, kuku, pipa la maji.

Na ndiyo, najua mtakachosema. Niliitupa kabla hajajenga. Ilikuwa kazi ya dakika moja, aandike saa sahihi, ahifadhi faili upya, ajenge, jina lingeondoka. Badala yake alikusanya flopi zake, akasema hafanyi kazi na vichaa, akapanda basi. Dokta akanisimamisha kazi jioni ile. Kibodi mpya ilinunuliwa kesho yake. Betri ya saa, kitu kidogo kama kifungo, haikununuliwa. Chumba kimewekwa kufuli, Mama Salma anaruhusiwa kuwasha na kuchapa tu, hakuna kugusa kingine.

Jana nilipita kule barabarani. Karatasi ipo ubaoni. Yupo wa kwanza.

Nimeshajua sababu, nimewaeleza hapa kwa kirefu. Na bado nilipoliona lile jina nilimvuta Upendo kutoka mgongoni nikamweka kifuani, nikamsikiliza anavyopumua.

Nilichojifunza ni hiki. Mashine haijui ukweli, inajua ulichoiambia, na ikishaamini inaweza kumkatalia mtoto dawa akiwa mbele ya macho ya watu wazima. Lakini mashine haikucheka. Mashine haikusema mpe mtoto jina lingine. Hao ni watu, na watu wana pa kushtakiwa.

Wenye utaalamu semeni kama niliyoyaeleza nimeyaeleza sawa, na kama kuna mahali pengine saa ya Kiswahili imewahi kufanya balaa kama hili. Wenye matusi nao waje, nimeshazoea. Wa kuniambia ningevumilia, anitajie kwanza jina la mwanawe.

Barua niliyoipeleka leo asubuhi kwa mkono, mistari ya mwisho nikaiongeza pale pale mapokezi, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, naiweka hapa kama ilivyo; ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana, nikimaliza kuandika tunarudi benchini.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya,
Dodoma.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KITUO CHA AFYA CHA BINAFSI KUMWORODHESHA MTOTO ALIYE HAI KUWA MAREHEMU NA KUMNYIMA DAWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi, na nilikuwa mwingizaji taarifa wa kituo tajwa kwenye kiambatisho. Mtoto wangu Upendo aliandikwa kuwa marehemu kwenye programu ya wagonjwa kwa ajili ya majaribio, bila ridhaa yangu. Nilitoa taarifa kwa mwenye kituo zaidi ya mara moja. Hakuchukua hatua. Badala yake alinishauri nimsajili mtoto kwa jina lingine.

Mtoto alipougua malaria, dirisha la dawa lilikataa kumpa dawa kwa maelezo kwamba faili lake limefungwa kwa kifo. Alilazwa hospitali nyingine.

Chanzo kinajulikana. Saa ya kompyuta ya kituo si sahihi, na mtaalamu aliyeifunga aliwaelekeza watumishi kutojaza tarehe. Mtumishi anayeiwasha hana kosa na naomba asiadhibiwe.

Nakiri kutupa kibodi. Niko tayari kuilipa.

Naomba ofisi yako iamuru yafuatayo yafanyike mbele yangu: saa irekebishwe, programu ijengwe upya, orodha ichapwe, na nisome mstari wa kwanza kwa macho yangu. Naomba pia ielekezwe kwa maandishi kwamba mgonjwa aliyefika dirishani kwa mwili wake asikataliwe dawa kwa sababu ya karatasi. Mtoto anatakiwa kuchomwa sindano ya surua mwezi huu na hana faili.

Niliambiwa hapa mapokezi kwamba lalamiko la namna hii linahitaji uthibitisho kuwa mtoto yuko hai. Cheti sikuja nacho. Nimekuja naye mwenyewe. Tumekaa kwenye benchi nje ya mlango wako, na hatuondoki mpaka mtu atoke amguse.

Ndimi,
Mama yake Upendo.